Mkanda wa Tumboni na Mbuzi wa Njukini

Jumatatu, 3 Februari

Uji wa kuchuja tena. Vijiko vichache nimeshiba, kinachofuata kinagoma kifuani. Mimi, Mwadime, niliyepewa jina la Tani na madereva wa Lubumbashi nikarudi nalo Voi kama zawadi. Nimekula mbuzi Juba, ndizi Kampala, samaki wa sambaza Goma. Hakuna mpaka niliovuka na njaa. Leo kijiko cha mtoto kinanishinda.

Mwezi uliopita daktari wa Mombasa alinifunga mkanda wa plastiki huko ndani, juu ya tumbo la chakula, nishibe haraka. Sukari ilikuwa imepanda. Magoti yamekufa. Nikilala nilikoroma mpaka mke wangu Mkamburi akawa ananitikisa kuona kama ni mzima. Daktari akasema nikiendelea hivyo, harusi ya Wakesho nitaisikilizia kaburini. Wakesho ndiye mtoto wetu wa pekee. Nikauza lori.

Watu wote nimewaambia nilipasuliwa ngiri. Anayejua ni Mkamburi tu. Mtu anayesifika kwa kula hawezi kusema amelipa afungwe tumbo.

Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi kazini. Choma yangu, kibanda cha nyama, iko kando ya barabara kuu, na siri yake si nyama, ni mimi. Mteja akifika, mimi hukata kipande juu ya ubao, nakula kwanza, nafumba macho. Hapo ameshanunua.

Leo nimefumba macho bila kula. Kilonzo anayechoma nyama ameniangalia tu. Mteja mmoja wa malori akaniuliza, "Tani, siku hizi unauza usichokula?" Wakacheka. Nami nikacheka kuwashinda. Kisha nikaenda nyuma kwenye magunia ya makaa nikakaa huko.

Harufu ya mafuta ya mbuzi. Hiyo hawakuifunga.

Alhamisi, 20 Februari

Jana nilikwenda Mombasa kukazwa. Kuna kikopo kidogo chini ya ngozi, muuguzi anadunga sindano, anaingiza maji, mkanda unabana. Nikamchekesha, nikamwambia hata matairi yangu sikuwahi kuyajaza hivyo. Nilirudi na treni nikiwa bingwa.

Leo yai la kuchemsha limekwama. Si kutapika kwa kawaida. Ni mate, mazito, yenye povu, yanajaa mdomo huku kifua kinapasuka. Nimesimama kwenye sinki mpaka Mkamburi akaja kunishika mgongo. Yai moja.

Suruali zinashuka. Ngozi ya tumbo inaning'inia kama gunia lililomwagwa mahindi. Nilidhani nikipungua nitakuwa kijana. Nimekuwa mzee aliyevaa nguo za mtu mwingine.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani wameniita mbele. Sikuomba. Mchungaji akasema kuna ndugu yetu anayepita bonde, wazee wakaniwekea mikono kichwani. Mikono mizito. Kina mama wakalia. Nikajua nimeshazikwa, limebaki jeneza tu.

Baada ya ibada mama mmoja akamvuta Mkamburi pembeni. Akamwambia kuna kliniki Mwatate ambako hakuna atakayemjua, dawa ni za bure, na siku hizi watu wanaishi nazo miaka mingi. Alisema kwa upendo. Ndicho kinachouma.

Mkamburi amelia njia nzima. "Baba Wakesho, waambie ukweli. Hata mimi wananitazama." Nikamwambia watu wa Voi wakichoka watapata mwingine wa kumsema. Nilimjibu vibaya. Yeye ndiye anayenisagia viazi kila siku na kula chake jikoni amejificha, nisione.

Ijumaa, 14 Machi

Wakesho amekuja kutoka Bomeni, anakofundisha chekechea. Ameleta habari. Wakwe wanakuja tarehe ishirini na tisa, kutoka Njukini, kutoa posa. Kijana anaitwa Elias, baba yake ni mkulima wa mahindi na maharagwe, watu wa heshima. Watakuja na mbuzi.

Nimefurahi mpaka nimeogopa. Kwetu, mbuzi wa posa akishachinjwa na kuchomwa, baba wa binti ndiye anayekula kipande cha kwanza mbele ya wageni. Akila, amekubali. Akikiacha, amekataa, hata aseme nini.

Wakesho alinitazama sana. "Baba, unaumwa?" Nikamwambia ninapunguza mwili ili picha za harusi zitoshe watu wengine. Akacheka kidogo. Alikuwa amengoja jibu, nikampa mzaha. Mlango ulikuwa wazi kabisa nami nikaupita.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nimefanya mazoezi ya kula nyama, kama mtoto anayejifunza kutembea. Kipande kama ukucha. Natafuna mpaka kinakuwa hakina ladha, kama karatasi. Cha kwanza kimepita. Cha pili sinki.

Kimoja kinatosha. Nitakula kimoja tu.

Jumapili, 30 Machi

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Walifika jana mchana, baba yake Elias, mama, na mjomba mmoja mrefu aliyekuwa msemaji wao. Walinisalimu wakishika mkono wangu kwa woga, kama unavyoshika chombo kilichopasuka. Mjomba akauliza kwa adabu kama mwenyeji ana afya. Nikajipiga kifua. Nikawaambia nina afya kuliko huyo mbuzi. Nikawasimulia Juba, nikawasimulia Lubumbashi, wakaanza kulegea. Nilikuwa Tani tena. Utamu huo ndio ulionimaliza.

Mdogo wangu Mwakio alikata nyama. Bega. Akanikatia kipande cha mtu wa zamani, cha mtu aliyekuwa mimi. Ningeweza kukipunguza. Wote walikuwa wananitazama. Nikakitia mdomoni, nikatafuna haraka, nikameza.

Kilikwama. Nilijua hapo hapo. Nikatabasamu machozi yakitoka. Mate yakajaa, nikayameza, yakarudi. Nikainuka nitoke, sikufika mlangoni. Kila kitu kilitoka pale pale, povu na nyama, juu ya mkeka, karibu na miguu ya mama yake Elias.

Mama alivuta miguu. Nilimwona akiivuta.

Mjomba akasimama, akasema, "Mzee ametujibu." Mwakio akaanza kupiga kelele kwamba nimerogwa, jambo lililozidi kuharibu. Mkamburi alinitazama niseme. Mdomo ulikuwa wangu. Sikusema. Wageni wakaondoka bila kunawa.

Wakesho alibaki akikunja mkeka. Hakuniangalia.

Jumanne, 1 Aprili

Mwakio amekuja. Nimemwambia kila kitu, mkanda, lori, kikopo, nikamwonyesha kovu. Halafu akasema, "Kaka, si ungeniambia nile?"

Ndivyo desturi ilivyo. Baba akiwa mgonjwa anatangaza ugonjwa wake, na ndugu yake anakula badala yake. Hakuna aibu. Babu yangu aliwahi kula hivyo kwa niaba ya wengine, mbuzi watatu. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua. Lakini kwanza useme kwamba unaumwa, nami nilikuwa nimejipiga kifua.

Nilifungwa tumbo ili nione harusi ya mtoto wangu. Nimeivunja kwa mdomo.

Alhamisi, 3 Aprili

Njukini wametuma neno. Hawajakataa moja kwa moja. Uvumi wa Voi umewafikia, wanataka Wakesho akapimwe damu kwanza, na majibu yapelekwe kwa mjomba.

Nilimpigia Wakesho. Hapokei. Nilipiga tena. Nimefunga choma, nimemwambia Kilonzo aende nyumbani. Sina mzaha hata mmoja. Nimeutafuta.

Nilifikiri kumpigia daktari aje akate huo mkanda. Nile mpaka nife nikiwa Tani. Mkamburi ameficha simu. Sijui alijuaje.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda Njukini mwenyewe. Nilimkuta baba yake Elias shambani anapalilia. Hakunikaribisha nyumbani. Nikamwambia hapo hapo kati ya mistari ya mahindi. Nikafungua shati. Mtu mzima naonyesha tumbo shambani kwa mtu.

Aliegemea jembe. "Yaani ulilipa, ili usile?"

Nikasema ndiyo, mzee.

Hakucheka. Ningependa acheke. Akasema ananiamini, na kwamba angekuwa peke yake yangeisha. Lakini mjomba na kina mama wameshaongea, na mtu aliyewadanganya kuhusu tumbo lake anaweza kuwadanganya kuhusu mengine. Ana haki. Akaendelea kupalilia, taratibu, akingoja niondoke.

Jumapili, 6 Aprili

Nililala Taveta kwa rafiki wa zamani wa barabarani. Leo nimekwenda Bomeni, kwenye chumba cha Wakesho. Nilidhani hatafungua. Alifungua.

Nikamweleza. Alikuwa ameshasikia kwa mama yake. Hakulia. Alisema hatakwenda kupimwa ili mjomba wa mtu asome, na amemwambia Elias hivyo. Elias amenyamaza.

"Hawaji tena, Baba."

Nikasema nisamehe. Akaenda kwenye jiko lake la gesi, akachemsha viazi, akaviponda na maziwa, akaniwekea kwenye kisahani. Akaketi mbele yangu na chake.

Nilikula kijiko. Nikaweka chini, nikangoja kishuke. Kingine. Chake kiliisha mapema sana, lakini hakuondoka. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaogeshwa, wanapiga kelele za sabuni machoni. Viazi vyangu vilipoa. Akavichukua, akavipasha moto, akavirudisha.

Nikamaliza. Vyote vimekaa.