Hifadhidata Iliyobaki Imelala

Jumanne, jioni

Umeme uliporudi leo asubuhi, kompyuta kuu ya ofisi yetu ya kutuma maonyo ya hali ya hewa iliwaka, tukadhani kila kitu kimerudi. Kumbe hifadhidata yenye namba za simu za wavuvi ilibaki imelala. Aliyeiweka kwenye kompyuta hakuipanga ijiwashe yenyewe, kwa hiyo onyo la dhoruba halikumfikia mvuvi hata mmoja.

Nilipogundua, mawingu yalishatanda juu ya ziwa. Niliiwasha, ikagoma. Mwenzangu Koku alikuwa ameshajaribu kuiwasha kwa akaunti ya msimamizi mkuu, na mafaili yakageuka mali ya akaunti hiyo, hifadhidata ikashindwa kuyafungua.

"Ilazimishe tu, watu wako majini!" alisema.

Ningeilazimisha, ingezimika katikati ya kutuma. Nikayarudisha mafaili kwa akaunti ya hifadhidata yenyewe, kisha nikaiwasha inavyotakiwa. Ikawaka. Ujumbe ukaenda.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Nyamizi wa Kigongo, mke wa Mzee Masanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ujumbe wenu umeingia sasa hivi. Mzee ameshatoka na mtumbwi, simu kaiacha nyumbani."

Alasiri wavuvi wenzake wamempata ng'ambo, upande wa Busisi. Hakuwa hai.

Nimeipanga hifadhidata ijiwashe kila umeme unaporudi. Ni amri moja, mstari mmoja tu.

Nikiwa nafunga ofisi, Mama Nyamizi amepiga tena. Nilidhani atanilaani. Aliuliza kama mtambo umepona, maana mwanawe mkubwa naye ni mvuvi.

"Umepona, mama."

"Haya," alisema. "Namba yake mnayo?"