Filta za Kutupa

Temeke, 1992

Badru, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Sie tuliobaki wazima. Boksi lako la filta za oili toka Dubai limefika siku ya hitima ya babu yako. Ndiyo, hitima. Shangazi yako Munira alikupigia simu toka posta mpaka akachoka.

Nani alikuagiza filta za kutupa? Gari la babu yako, ile Pijo, ina yake ya waya, aliyokuwa akiiosha kwa mafuta ya taa na kuifunga tena. Kila akiiosha alisema, "Badru akija nitamwonyesha." Hukuja, ulituma vitu.

Sasa Munira kuona boksi jipya, ile ya waya kaitupa jalalani. Nikapiga kelele.

"Mama, si zimeletwa mpya?" akanijibu.

Mpya gani! Fundi kazijaribu zote, hazikai. Ningekwenda kuifukua mwenyewe, lakini nimo edani, sivuki mlango. Nakaa kitandani nalilia chuma, wananiona nimepungukiwa akili.

Usitume kitu tena. Kaburi halijawekwa alama, na sie wanawake hatukwenda kuzika. Njoo kabla waliomzika hawajasahau ni lipi.

Mie bibi yako,
Mwanakombo