Visahani Vyekundu vya Mvule

Rondo, Jumanne.

Ukoga ule wa kijivu unaoota kwenye miti hatuwezi kuupa jina la kitaalamu bila kuona visahani vya mbegu zake, navyo viko matawi ya juu tu. Lori la kupeleka vielelezo Lindi linaondoka kesho. Basi Bakari, mume wa dada yangu, akaupanda mvule.

Tawi likalia.

“Shuka, shemeji!”

“Nimeviona! Vyekundu, si vyeusi!”

Vyekundu! Basi ni aina nyingine kabisa. Nilipaswa kumwita tena. Nikanyamaza, mpaka alipokata kipande na kushuka salama.

Jioni chakula kilinishinda. Dada akauliza nina nini.

“Amechoka tu,” Bakari akanijibia, bila kunitazama.