Fyuzi ya Friji ya Mama

Dada yangu mkubwa,

Huku hatujambo. Ile redio uliyotuma imepona, kumbe betri zilivuja tu. Mama anaisikiliza kila asubuhi.

Ulisema kwenye simu kwamba umempatia nafasi kwenye makao ya wazee, kwa sababu mtu aliyeunguza nyumba kwa kusahau jiko hawezi kuachwa peke yake. Dada, Mama hakusahau jiko.

Friji yake ilikuwa inaunguza fyuzi kila nikiweka mpya. Badala ya kutafuta shida iko wapi, niliizungushia fyuzi iliyoungua ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikairudisha kwenye plagi. Friji ikanguruma, Mama akaniita injinia. Moto ulianzia pale ukutani. Niliikuta plagi imeyeyuka, nikaitia mfukoni kabla majirani hawajaiona. Mama alipouliza, "Au ni mimi niliacha jiko?" nilinyamaza.

Sasa yuko hapa kwangu, anashikashika jiko lililopoa na kuniuliza, "Nimezima?"

Jana nilimweleza yote. Akanishika mkono, akacheka kidogo. "Wewe tangu utotoni unapenda kunibebea makosa yangu. Acha, baba. Akili yangu imechoka, najua."

Mimi haniamini, Dada. Wewe atakuamini. Mpigie umwambie ni mimi, kabla hajafunga mizigo yake. Plagi nimeitia kwenye bahasha hii. Ifungue uone, karatasi bado imo.

Mdogo wako,
yule injinia wa Mama