Nilimnyamazisha Baba kwa Maandiko

Sapiwi, Bariadi
Agosti 1956

Mpendwa Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wako kwa jambo nililolibeba miaka mitatu, na ingawa gazeti lako hutufikia huku likiwa limepita mikono mingi mpaka limechakaa, ukurasa wako nausoma wote, ndipo nikajipa moyo na mimi niandike.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini, nimeolewa, jina langu la ubatizo ni Klementina na la nyumbani ni Nyamizi, binti Masunga. Baba yangu hajabatizwa, anashika mambo ya wazee wake, lakini sijaona mtu mwenye heshima kwa wakubwa kumzidi. Nilipokuwa mdogo, Mtemi akipita njia ya kwetu, baba alikuwa anavua viatu vyake vya ngozi, anachuchumaa pembeni na kupiga makofi taratibu mpaka Mtemi apite, na sisi watoto nyuma yake tunafanya vilevile, halafu tukirudi nyumbani anatuambia, "Mtemi akikaa vizuri, nchi inakaa vizuri." Ah, asubuhi za wakati ule, Mshauri! Moshi wa samadi ukipanda zizini, baba anakamua huku anaimba kwa sauti ndogo, mama anatikisa kibuyu cha maziwa, na mimi nimekaa na michembe yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi nangoja baba aite, "Nyamizi!", maana aliniita mimi kabla ya kaka zangu nikanywe maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Hata kusoma nilisoma kwa utii wake. Mtemi aliamuru watoto wapelekwe shule, na wasichana pia, majirani wakawaficha wa kwao, baba akasema tu, "Mtemi amesema," akanishika mkono akanipeleka misheni mwenyewe, mwendo wa kutwa nzima.

Basi kiangazi cha mwaka 1953 ikaja amri ya kupunguza mifugo, kila mji, yaani kila kaya, utoe ng'ombe apelekwe mnadani. Watu walinung'unika, wengine wakaswaga ng'ombe wao kwenda kuwaficha kwa ndugu upande wa Mwanhuzi, baba akakataa kuficha. Akachagua dume zuri, akalifunga kamba, akangoja. Akaja Luhaga, mwanangwa wetu, ndiye anayetutawala hapa kijijini kwa niaba ya Mtemi, na watu wake wawili, na siku hiyo mimi nilikuwa nimekuja kumsalimia mama, nimesimama mlangoni. Luhaga akalitazama lile dume, akasema, "Hili silitaki. Nipe yule mwekundu." Yule mwekundu ndiye alikuwa ng'ombe wetu wa maziwa, tena ana ndama mdogo. Baba akasema, "Mwanangwa, huyo ananyonyesha. Na tuliambiwa mwenye mji ndiye anachagua." Luhaga akamjibu, "Unanifundisha kazi, mzee?" Wakamchukua yule mwekundu. Na mnadani hakufika, Mshauri. Wiki ileile nikienda kisimani nilimwona kwa macho yangu kwenye zizi la Luhaga, na mke wa Luhaga anamkamua.

Baba akapeleka shauri kwenye baraza la kijiji, Luhaga mwenyewe akiwa amekaa kitini kama mwamuzi. Luhaga akakana, akasema ng'ombe aliuzwa mnadani. Baba hakubishana naye. Akawaambia watu, "Mwulizeni binti yangu. Yeye ni Mkristo, hasemi uongo." Sasa Jumapili iliyotangulia Katekista Novatus alikuwa ametufundisha Waraka kwa Warumi, tena shamba tunalolima mimi na mume wangu Thomasi tulipewa na Luhaga. Nikasimama, nikasema, "Imeandikwa, kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Mimi siwezi kumshitaki mkubwa wangu." Baba akanitazama, akasema, "Haya. Nimekisikia kitabu chako."

Wakamhukumu kuwa amemsingizia mwanangwa, akapewa adhabu ya kung'oa mabua ya pamba katika shamba la Luhaga wiki mbili. Alikwenda, mzee wa umri ule, hakuchelewa hata siku moja. Nilipompelekea maji aliyapokea kwa mikono miwili na kunishukuru kama unavyomshukuru mke wa jirani. Tangu siku ile haniiti tena Nyamizi. Ananiita Klementina, jina ambalo zamani lilikuwa linamshinda kutamka tunacheka wote, sasa analitamka sawasawa, na mimi linanichoma.

Na sasa limezuka jambo. Mwezi ujao Mtemi mwenyewe anakuja Sapiwi kusikiliza malalamiko juu ya wanangwa. Watu wengi wana lao la kusema juu ya Luhaga, na wapo vijana wanaosema watamfukuza kwa fimbo. Nilimwuliza mama kama baba atakwenda, akaniambia baba alimjibu hivi: "Shahidi wangu nilikwisha kumleta." Thomasi ananiambia, "Nyamaza, tutanyang'anywa shamba." Katekista Novatus anasema Mkristo hajiungi na wanaoshindana na mamlaka. Je, nikisema, nitakuwa nimevunja neno la Mungu? Na nikinyamaza, nitaishi vipi na baba? Usingizi umenipotea, nisaidie.

Mimi,
Klementina wa Thomasi


JIBU

Binti yangu Klementina,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Acha niimalize hasira kwanza, halafu tuongee.

Siku ile hukuwa unamtii Mungu. Ulikuwa unamwogopa Luhaga, na ulilihofia shamba, ukayachukua maneno ya Mtume Paulo ukajifunika nayo. Kuogopa tunaogopa sote, hata mimi. Lakini kuuvika woga kanzu ya padre, hilo ndilo linalokunyima usingizi, na ni heri likunyime.

Maandiko uliyoyataja ni kweli, wala siyafuti. Mkubwa tunamsalimu, amri yake tunaishika, hatumtukani hata akiwa hayupo. Lakini ungeendelea kusoma! Mbele kidogo imeandikwa kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana wake, na mtumishi akiiba, bwana anapewa habari. Huyohuyo Paulo alipigwa viboko bila hukumu kule Filipi, na wakubwa walipotaka aondoke gerezani kimyakimya alikataa, akasema waje wenyewe kumtoa. Hakurusha jiwe, hakutukana mtu. Alisema kweli mbele ya wenye kazi ya kuisikia. Na nabii Nathani alimkabili mfalme Daudi kwa mfano wa mwanakondoo mmoja tu wa maskini. Wewe una ng'ombe mzima na ndama wake.

Katekista wako ana nia njema ila hapa amekosea, na umwambie nimesema hivyo, kwa adabu. Mtemi akiwaita watu waseme, kusema ndiko kutii. Thomasi simlaumu, mume mwenye familia lazima aogope. Mwulize lakini kama angependa wanawe siku moja wamtendee yeye kama ulivyomtendea mzee Masunga.

Nimekuonea huruma uliposimulia zile asubuhi. Mimi pia nilikuwa na baba wa zizini, naye alikufa tukiwa tumenuniana kwa neno dogo kuliko lako, na mpaka leo nikisikia mtu anakamua nasimama njiani. Asubuhi zile hazirudi, mwanangu. Ila mwenye kuziimba bado yuko hai, na hiyo ni bahati ambayo mimi nimeikosa.

Basi sikiliza. Siku ya baraza, piga magoti, msalimu Mtemi kwa heshima yote uliyofundishwa nyumbani. Sema uliyoyaona ukiwa mlangoni na uliyoyaona kwa Luhaga, usiongeze hata moja la kusikia. Sema pia kwamba mwaka ule uliulizwa ukanyamaza. Ukimaliza, kaa. Wale wenye fimbo usiende upande wao, hata wakikushangilia. Hukumu ipokee vyovyote itakavyotoka. Ng'ombe huenda asirudi, na shamba huenda likaondoka, nisikudanganye.

Lakini hilo ni la mwezi ujao, na lipo la kutangulia. Nenda kwa baba yako. Usiende na Katekista wala na mume wako, wala usimsomee mstari. Piga magoti umwambie kwa Kisukuma, si kwa Kiswahili cha kanisani, "Baba, niliona, na nilinyamaza." Usieleze sababu. Akikaa kimya, kaa naye kimya mpaka akuruhusu kuondoka, na kesho yake urudi, na kesho kutwa pia.

Umesoma vizuri amri ya kutii wakubwa. Mkubwa wa kwanza uliyepewa na Mungu ni huyo mzee. Mtemi ana siku yake ya kuja Sapiwi. Baba yako yuko nyumbani leo.