Usingizi wa Siku ya Posa

Msambweni, 3 Agosti 2025

Basi kukoroma nilikoroma, dada Esha, hilo silikatai.

Everlyn, jirani yangu anayeniandikia kwa simu yake, asema barua haianzi hivyo, ianze kwa salamu. Haya. Asalaam aleikum. Miguu yaendeleaje? Ndiyo iliyokuzuia kuja Ijumaa na wazee wenu, na ni heri ilikuzuia, hukuniona.

Maana mikorosho imetoa maua. Kila mwaka ikitoa maua mimi huwa si mtu. Macho yawasha, pua yatiririka, napiga chafya mpaka kuku wanakimbia. Zamani tulidhani ni jini. Marehemu mamangu akanifukiza, na ule moshi ndio ukanizidishia. Siku hizi daktari asema ni aleji, unga wa yale maua. Akaniandikia vidonge vizuri, visivyolevya. Nilipotajiwa bei pale Ukunda nilidhani nauziwa duka zima. Na mwanangu Tofiki anahangaika na kabati na godoro la bintiye Hafswa, nitamwambiaje aninunulie na pua? Nikachukua vile vidogo vya manjano, vya bei ya chapati. Muuzaji akaniambia, bibi, hivi umeze ukienda kulala. Nikaitikia.

Lakini wageni wanakuja kumposa mjukuu wangu, nami nataka nikae kama mtu mzima, nisiwapigie chafya kwenye sinia la halua. Nikameza viwili.

Wazee wenu walipoingia niliwaona vizuri. Mzee Chirau, mshenga wenu, akaanza maneno, na sauti yake yule baba yabembeleza, hata mtoto mwenye homa angelala. Na kwetu jibu la posa latolewa na bibi. Naambiwa aliniuliza mara tatu. Mimi nimo ndani ya leso yangu. Nilipoamka sinia halipo, Hafswa analia jikoni, Tofiki hanitazami.

Si kwamba hatumtaki Zahoro. Mjukuu wako twamtaka sana. Nakuomba uwaambie hivyo wenzako. Ningejiita mkwe wako, lakini naona haya.

Dadako,
Mwanafatuma


Jego, 10 Agosti 2025

Dada Mwanafatuma,

Waaleikum salaam. Miguu ni ile ile, namshukuru Mungu.

Barua yako imesomwa mbele ya wote, ndivyo walivyotaka. Vijana walicheka. Chirau hakucheka. Asema angenyamaza mwari tungejua karidhia, lakini bibi mzima kuulizwa mara tatu akanyamaza, kisha akakoroma, hilo ni jibu gani? Na wako wanaosema mlifumba macho msituone kwa kuwa sisi ni wavuvi.

Mimi nimekuamini. Hata huku twalala, dada, lakini twalala vitandani.

Zahoro hali chakula. Kwa ajili yake watarudi Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili. Ila Chirau ameweka sharti, nami naona uzito kukwambia: jibu alitoe mtu mwingine, na wewe usiwepo ukumbini. Usinikasirikie.

Dadako,
Esha


Msambweni, Ijumaa, 22 Agosti 2025

Dada Esha,

Salamu nyingi, na miguu ipate nafuu. Umeniona kimya. Sharti nilikubali siku ile ile, ningelikataaje? Ila sikuwa na uso wa kukuandikia.

Sasa niko jikoni na Everlyn. Wageni wameshafika, kati yetu ni pazia tu. Nimekalia kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kama mtoto aliyeadhibiwa, nami ndiye niliyemlea huyo anayeposwa. Wali lakini tumeupika vizuri, hilo waniachie.

Tofiki aliposomewa barua zetu aliniambia, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Basi tu. Afadhali angenigombeza. Akaenda Ukunda akaninunulia vile vya bei kubwa, kikaratasi kimoja. Dada, nilikaa siku nzima mikorosho imenizunguka, macho makavu, nanusa hata samaki wa jirani. Kimekwisha juzi, na maua yangaliko. Sikumwambia tena.

Kwa hiyo leo sijameza kitu. Vile vya manjano nimempa Everlyn avitupe. Pua yachuruzika, leso nimeiuma kwa meno nisisikike, na huko mbele Chirau ameshaanza na ile sauti yake...

Zimetoka, dada. Chafya tatu kwa mpigo. Sufuria imelia. Natamani ardhi inimeze mimi na mbuzi hii.

Hafswa anakuja huku mbio. Sijui analia, sijui anacheka. Asema, "Bibi, unaitwa. Mzee Chirau asema jibu alitoe huyo anayepiga chafya, maana huyo yuko macho."

Na uso huu? Everlyn, nipe kitambaa kikavu. Acha hapo, acha. Naenda.