Kompyuta Isiyo na Dereva

Nyumba ya geti la bluu,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Alhamisi, tarehe 16 Oktoba.

Mpendwa Utingo wetu,

Hujambo mwanangu? Mwili una nguvu? Unakula ukiwa umekaa, au bado unakunywa chai wima kama mtu anayefukuzwa? Nijibu hayo moyoni kwanza kabla hujaendelea, maana nakujua, macho yako yameshateremka katikati ya ukurasa kutafuta habari za Babu. Rudi huku juu. Salamu kwanza.

Sisi huku wazima. Mafua ya mama yako yamekwisha, yamebaki maringo tu, akiombwa kuosha vyombo anakohoa. Mimi nipo palepale steshenari, nawachapia watu barua zao na kutoa kopi, na ile mashine ya kopi bado inatafuna karatasi siku ikijisikia. Baba yako mdogo, Fundi, yuko na redio zake, meza yake haijaonekana uso kwa sababu ya nyaya. Babu ni mzima kabisa. Kuhusu Babu nitakuchelewesha makusudi.

Uliniuliza kwenye simu Babu alisema nini baada ya picha ya video kukatika Jumapili. Nikakutumia neno moja tu, "Endesha," ili Jumatatu usiende kazini na moyo uliokunjamana. Najua hukuamini. Ulidhani nimelitunga mimi Shangazi yako, ndiyo maana ukanirudishia alama ya kuuliza peke yake, bila hata shikamoo. Mwanangu, kuna mambo ukiyaandika kwa kidole gumba yanatoka yamekonda. Haya nimeona nikuandikie kwa mkono, nimekaa, kikombe kiko pembeni, na mlango nimeufunga mama yako asije akanisomea begani.

Laptop ilifika salama. Yule msafiri uliyempa alikuja ameipakata kifuani, hakutaka hata kuishusha kabla hajahakikisha ndiyo nyumba yenyewe. Mama yako akaifungulia juu ya kitanda. Ilikuwa imevaa nailoni juu na chini, naye akapiga marufuku mtu yeyote kuzibandua. Tulianza kugombana kwa ajili ya nailoni hata kabla hatujajua kitufe cha kuwashia kiko wapi.

Siri yako tulikuwa nayo wawili tu, mimi na yeye. Kwamba umefaulu mtihani wa kuendesha mabasi makubwa, kwamba kazi inaanza Jumatatu, na kwamba hutaki Babu aipate habari hiyo kwa mtu mwingine. Ulitaka Jumapili akuone na sare yako, akusikie, kisha akubariki au akukatalie kwa kinywa chake mwenyewe. Simu yake isingefaa. Macho yake hayaoni kitu kwenye kioo kile kidogo, na sauti anasema inatoka ndani ya kopo. Nilielewa kwa nini umetuma kioo kikubwa, na nakwambia kweli, niliogopa kuliko wewe.

Maana unajua alivyokuwa. Tangu daktari wa macho amwambie asishike tena usukani, Babu alikabidhi funguo za lori akaingia ndani, na habari za magari akazikata. Mtu akianza tu kusimulia safari, yeye anakumbuka kwamba bustani haijamwagiliwa. Halafu ni yeye huyohuyo aliyetuambia zamani, sote tumekaa, kwamba barabara imemchukua yeye na inatosha, hakuna mtoto wa nyumba hii atakayeifuata. Likizo zote ulikuwa utingo wake, unaruka chini na kabari kuweka nyuma ya tairi kabla lori halijasimama vizuri, lakini mwenyewe alisema ule ni mchezo wa kitoto. Mama yako alikuwa anachoma maandazi mpaka yanaungua, akiwaza Jumapili itakuwaje.

Basi, Jumamosi asubuhi tukaiwasha mashine. Mpya kabisa, bado inanukia duka, lakini ndani imejazwa mambo ambayo hakuna aliyeyaagiza. Michezo, programu za majaribio, na vitangazo vinavyochomoza kila pembe vikitaka tujisajili. Ilikuwa inakokota miguu. Kibaya zaidi, haikuwa na sauti. Tukaweka video, mtu anafungua mdomo na kuufunga, kimya. Fundi akainama, akabonyeza huku na huko, kisha akatutangazia kwamba tatizo ni draiva.

Babu alikuwa anapita na ndoo yake. Akasimama mlangoni, akauliza dereva amefanya nini.

Hatukucheka, Mungu anajua tulivyojikaza. Fundi akamweleza taratibu kwamba ndani ya kompyuta kuna vijiprogramu vinaitwa hivyo, kila kimoja kinaendesha kiungo chake, kimoja spika, kimoja kamera, kimoja intaneti, na kisipokuwepo au kikiwa kimepitwa na wakati, kiungo kipo lakini hakifanyi kazi. Babu akalitafuna hilo kidogo. Akasema kumbe gari ni zima, dereva ndiye hayupo. Kisha akaweka ndoo chini, akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aache lori kumwona akikaa kusikiliza habari ya chombo kinachoendeshwa, na mimi na mama yako tukatazamana.

Ubishi ukaanza hapo. Fundi alitaka tufute kila kitu, tuanze na mfumo mtupu, kupiga window upya kama wasemavyo mafundi. Mimi nikakataa katakata. Kitu hakijatoka hata nailoni, unakifuta cha nini? Nikasema tuzisasishe draiva zilizomo, tuongeze ya sauti, basi. Akaniambia mimi ni mtu wa kopi. Nikamwambia na yeye arudi kwenye betri zake. Tukajaribu njia yangu kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Draiva mpya ikaingia, spika ikakohoa mara moja, nikaanza kutabasamu, mara kitangazo kikachomoza na mashine nzima ikaganda. Fundi alinitazama tu, na huko ndiko kunakoniudhi zaidi kwake.

Babu akauliza kama humo ndani mna kitu chochote cha kwetu au cha kwako. Tukatazama, hamna, vyote ni vya hao waliotujazia. Basi akahukumu.

"Huwezi kujua gari linavyokwenda likiwa na mizigo ya watu. Shusha yote."

Ikashushwa. Fundi akachomeka flashi yake, akajibu maswali ya mashine, ndiyo, ndiyo, futa, na sote tukakaa tukitazama kile kiduara kinavyozunguka, mama yako anapumua kwa zamu nacho. Ilipowaka tena ilikuwa nyepesi ajabu, kioo kitupu, unagusa kitu na kimeshafunguka. Nikameza maneno yangu, nikampongeza mdogo wangu kwa sauti ya kusikika. Akakunja mikono kifuani akapokea pongezi zote, hakubakiza hata moja.

Halafu akataka kuingia mtandaoni kuchukua draiva za sauti, na mashine ikaandika kwamba hakuna wifi.

Mama yako akasogea akasoma, akasoma tena. Akasema mashine gani hii haina adabu, inasema hakuna wifi wakati mawifi wawili tumekaa mbele yake tangu asubuhi. Tulicheka mpaka nikashika meza. Tulipomaliza kucheka tukaona Fundi hacheki, anajikuna sikio. Ndipo tukaelewa. Ile draiva ya intaneti nayo ilikuwa imefutwa, na ili kuipata tena ilikuwa lazima tuwe na intaneti.

"Nimekwambia ushushe mizigo," Babu akamwambia. "Umemshusha na dereva."

Hapo furaha ilipungua, sitakudanganya. Nilikuona akilini wewe kesho yake umevaa sare yako umekaa mbele ya kioo unatungoja, na sisi huku tuna chombo kizuri kisichosikia wala kusema. Fundi akajuta mpaka nikamhurumia. Nikamwambia steshenari kuna intaneti na ufunguo ninao mimi, mtu wa kopi. Nitachukua draiva kule niziweke kwenye flashi. Alichotakiwa kunipa ni jina kamili la mashine, ili nisije nikarudi na dereva wa gari la jirani.

Jina hilo lilikuwa limebandikwa chini ya laptop, maandishi ya ukubwa wa chawa, na juu yake nailoni imekunjamana haisomeki. Sote tukamgeukia mama yako. Akasema basi atabandua mwenyewe, asiishike mtu. Akafumba macho, akaivuta polepole, na mlio wa ile nailoni aliusikia mpaka kwenye meno. Ya kifuniko cha juu ameibakiza, na hiyo usitarajie itoke hivi karibuni.

Nikaenda, nikafungua duka, nikazitafuta moja moja kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine yenyewe, ya intaneti, ya sauti, ya kamera. Niliporudi Fundi alinipokea flashi kwa mikono miwili. Intaneti ikaamka. Kamera ikawaka, mama yako akajiona humo akakimbia kutafuta kitambaa kizuri. Mwisho ikaingia ya sauti, na mashine ikalia mlio wake wa kengele, wazi, nyumba nzima ikasikia. Babu akatikisa kichwa. Akasema honi ipo, na akaenda zake bustanini akipiga mluzi. Mluzi, mwanangu. Sikuwahi kudhani ningeusikia tena.

Jumapili yenyewe uliiona. Lakini uliona kile tu ambacho kamera ilielekezwa kwacho.

Uliona ulipomwambia umefaulu, uso wake ukawa mgumu. Ukaendelea kusema kwa haraka, kama ulivyokuwa ukisema ulipokuwa umevunja kitu. Ukamweleza jinsi walivyokupima kwa kurudisha basi nyuma kwenye nafasi finyu, na katikati ya maelezo ukamwona anageuza uso pembeni. Uliniandikia baadaye kwamba hapo ulijua umemkosea. Ukasema basi lenu linajibadilishia gia lenyewe, klachi halina. Akasema gari lisilo na klachi si gari. Na intaneti, kwa ukorofi wake, ikakatika hapohapo, ukabaki na hilo.

Sasa nikwambie ambacho hukukiona, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake kwenye kigoda, na kilikuwa chini ya meza.

Miguu yake ilikuwa inatembea. Tangu ulipotamka basi. Wa kulia ukakanyaga, ukaachia, ukakanyaga kwa upole, na wa kushoto ukateremka mpaka chini ukapanda polepole, ndani ya ndala zake za bustanini. Mkono ulikuwa gotini unatafuta gia. Na pale alipogeuza uso, mwanangu, hakuwa anakukwepa. Ulikuwa unarudi nyuma na basi lako. Alikuwa anakuangalizia kioo cha pembeni.

Mama yako naye aliona, akajiziba mdomo na upande wa kitambaa. Mimi nililia waziwazi, sioni haya kusema. Picha ilipokatika Fundi akaanza kuhangaika na vitufe, Babu akamwambia aache, ameshaona alichotaka kuona. Akakaa pale, kioo kimezimika, mguu wa kushoto bado uko chini. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo nikupe kamili:

"Mwambie aendeshe. Kama gari lake halina klachi, nitamkanyagia mimi huku."

Na anakukanyagia. Jumatatu alimuuliza mama yako saa yako ya kuanza kazi huko ni saa ngapi huku, na ilipofika akaja sebuleni akavuta kile kiti mbele ya laptop iliyozimwa. Jumanne vilevile. Leo nimemkuta anamsimulia Fundi kona ya ule mteremko wa zamani, mikono yote miwili hewani, ndoo ya maji imesahaulika mlangoni. Bustani inakauka, na hakuna hata mmoja wetu anayemkumbusha.

Nikomee hapa mkono umeanza kuchoka. Mama yako anakusalimu, anasema uvae soksi. Fundi anakusalimu, na anaomba ukisimulia kisa cha dereva kushushwa, jina lake ulifiche. Mungu akutangulie kwenye kila kona, akurudishe kituoni na abiria wako wote wakiwa wamesinzia kwa raha.

Nimemsomea Babu mwanzo wa barua hii, anasema nilikosea pale juu nilipoandika jina lako. Kuanzia sasa wewe ni Dereva. Utingo ni yeye, na anauliza kesho mnaondoka saa ngapi.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa hufiki kwenye pedali,

Shangazi wa Steshenari.